Kocha, kukimbia polepole kumenishinda

Barua za mwezi huu nyingi zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, kwahiyo nimechukua moja ndefu ya hapa hapa Kigoma niijibu kwa kirefu, alafu mbili fupi, moja ya Tabora na moja ya Ujiji.

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni mwalimu, nina miaka 34, naishi Gungu. Nimejiandikisha Kilimanjaro Marathon kule Moshi, ile ya kilometa 42 kamili, ni mara yangu ya kwanza na nataka nimalize kwa masaa manne. Hafu marathoni yangu nzuri, ile ya kilometa 21, ni 1:52, yani saa moja na dakika 52. Nakimbia siku tano kwa wiki, kila siku kilometa 10 kuelekea njia ya Ujiji na kurudi, wastani 5:20 kwa kilometa, yani dakika 5 na sekunde 20, siku nyingine nikiamka na hasira inafika hata 5:10. Sasa ni mwezi wa tatu sijaongezeka chochote, miguu mizito, muundi wa kulia unauma nikiamka asubuhi, hata usingizi umekuwa wa shida. Jamaa yangu mmoja anaefahamu mambo haya akaniambia siku nyepesi nikimbie 6:30 mpaka 7:00. Kocha nimejaribu wiki mbili nimeshindwa. Kwanza naona aibu, wanafunzi wangu wananiona, bodaboda wa kijiweni wananiambia mwalimu panda tukupeleke, na kuna siku mama mmoja mwenye beseni la migebuka kichwani alinipita kwenye mlima wa kupanda Mwanga. Pili naona kama napoteza muda, nitawezaje kukimbia haraka siku yenyewe kama nimezoea polepole? Naomba usinijibu haraka haraka haina baraka, hiyo nafundisha darasani, mimi nataka kujua mwilini kinatokea nini na polepole yenyewe ni kiasi gani.

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole na huo muundi, nitaurudia huko mbele maana sio kitu cha kuchukulia poa.

Tuanze na namba zako, kwasababu umeshaniandikia jibu humo humo. Hafu marathoni ya 1:52 ni kama 5:18 kwa kilometa. Hiyo ndio spidi yako ya mashindano, siku ambayo umevaa namba kifuani, umelala mapema, umekula vizuri na watu wanakupigia makofi njiani. Sasa mazoezi yako ya kila siku ni 5:20, yani tofauti na siku ya mashindano ni sekunde mbili tu. Alafu hayo masaa manne unayoyataka kwenye kilometa 42.195 yanahitaji 5:41. Kwahiyo kila asubuhi kabla hujaenda kushika chaki unakimbia haraka kuliko utakavyotakiwa kukimbia Moshi, na unafanya hivo mara tano kwa wiki, miezi mitatu. Wewe ni mwalimu utanielewa, watoto ukiwapa mtihani wa taifa Jumatatu mpaka Ijumaa watasoma saa ngapi? Mtihani unapima kilichomo kichwani, haukiweki.

Umeuliza mwilini kinatokea nini. Ukikimbia taratibu kiasi kwamba hewa unayovuta inatosheleza, misuli inatengeneza nguvu kwa kutumia oksijeni, na mafuta yanachomwa kwa wingi zaidi, sukari inatumika kidogo kuliko ukikimbia kwa kasi. Kazi hiyo inafanyika ndani ya seli kwenye vitu vidogo sana vinavyoitwa mitokondria, na ukiirudia wiki baada ya wiki mwili unaongeza mitokondria, unaotesha vishipa vipya vidogo vidogo vya kupeleka damu kwenye misuli, na moyo wenyewe unapata uwezo wa kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Vitu hivi vinajengeka kwa muda uliokaa barabarani na kwa mara ngapi umerudi tena kesho yake ukiwa mzima, havihitaji uwe unahema kama umekimbizwa na nyuki. Na ndivyo vitu hasa ambavyo marathoni inavitaka, kwasababu sukari tunayoweka akiba kwenye misuli na kwenye ini ni chache, wengi wetu inaanza kutuishia tukishavuka kilometa ya 30, wakati mafuta hata mvuvi mwembamba wa Katonga anayo ya kumtosha siku nyingi. Mtu ambaye mwili wake haujafundishwa kutumia mafuta, sukari ikiisha na yeye ameisha. Mimi mwaka wangu wa kwanza Moshi nilizima kilometa ya 31, mchana kweupe, miguu ikawa kama nimefungiwa matofali, na mazoezi niliyoenda nayo kule yalikuwa kama haya yako, kila siku spidi ile ile. Nilitembea karibu kilometa zote zilizobaki na nilikuwa nalia, sio kwa maumivu, ni kwa kuona jinsi nilivyojituma miezi yote ile na bado haijasaidia. Ndio maana barua yako nimeisoma mara tatu.

Sasa ubaya wa 5:20 kwako ni kwamba ipo katikati, ni maji ya vuguvugu. Ni kali kiasi cha kukuchosha lakini sio kali kiasi cha kukuongezea kasi. Jumatano ambayo ungetakiwa ukimbie haraka kweli, unafika umeshachoka na Jumatatu na Jumanne, kwahiyo unakimbia 5:20 ile ile, na Alhamisi ambayo ungetakiwa upumzike nayo ni 5:20. Hakuna siku iliyokaa sawa. Alafu kuna jambo la kano na mifupa. Moyo na mapafu vinazoea mazoezi haraka, ndani ya wiki chache tu unajiona una pumzi, lakini kano na mifupa inachukua miezi kuimarika, kwahiyo pumzi inakuruhusu ukimbie spidi ambayo mfupa wa muundi bado haujawa tayari kuibeba. Unaiona sasa hiyo?

Na usidhani polepole ni ya wanaoanza. Ndugu yetu Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya dunia kule Tokyo Septemba 2025 alitumia 2:09:48, akamzidi Mjerumani Amanal Petros kwa kifua tu pale kwenye mstari, muda wao umeandikwa sawa sawa. Hiyo ni kama 3:05 kwa kilometa, 42 mfululizo. Watu wa ngazi hiyo siku zao nyepesi hawazikimbii karibu na hapo. Eliud Kipchoge wa Kenya Berlin mwaka 2022 alikwenda wastani wa 2:52 kwa kilometa, akamaliza kwa 2:01:09, na siku zake nyepesi zinajulikana kuwa zaidi ya dakika nzima polepole kuliko hapo kwa kila kilometa, tena mwanzoni anaanza taratibu mpaka ukimuona unaweza kusema nitamuweza. Sasa chukua hiyo dakika moja uiongeze kwenye 5:41 yako, unapata 6:41. Jamaa yako hakukudanganya hata kidogo. Kuna mtafiti mmoja Mmarekani anaefanya kazi Norway, Stephen Seiler, alichunguza mazoezi ya wanamichezo wakubwa wa mbio ndefu, wapiga makasia na wale wa kuteleza kwenye theluji masafa marefu, akakuta wote wanafanana, karibu mara 8 katika kila mazoezi 10 wanakwenda kwa urahisi. Michezo tofauti, nchi tofauti, makocha ambao hata hawajuani, na wote wameishia hapo hapo.

Polepole kiasi gani? Kipimo kizuri kuliko saa ya mkononi unacho tangu darasa la kwanza, mchakamchaka. Unakumbuka asubuhi na baridi, mmoja anaongoza wimbo na wengine mnaitikia huku mnakimbia kuzunguka uwanja? Basi ukiwa barabarani jaribu kuimba. Ukiweza kuitikia tu, maneno mawili matatu alafu unatafuta hewa, bado upo juu, punguza. Ukiweza kuongoza wewe, ubeti mzima bila neno kukatika katikati, hapo ndio penyewe. Kama una saa ya kupima mapigo ya moyo, ile hesabu ya 220 toa umri inakupa 186, na siku nyepesi ukae kama 130 mpaka 140, lakini hesabu hiyo ni ya makadirio, inaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi kwa mtu mmoja mmoja, kwahiyo wimbo na saa vikigombana mimi nakushauri usikilize wimbo.

Tukija kwenye mlima. Kigoma sio Tabora, hapa huwezi kukimbia nusu saa bila kukutana na mpando, na kutoka stesheni kupanda Mwanga hakuna mtu anaeupanda kwa 6:40 huku moyo umetulia. Ukilazimisha spidi ibaki ile ile kwenye mpando umeshageuza siku nyepesi kuwa siku ngumu, saa inaonyesha 6:40 lakini mwili umefanya kazi ya 5:00. Kwenye kupanda angalia pumzi, spidi iache iende inakotaka, 7:30, 8:00, na wimbo ukikata tembea. Ndio, tembea, kwa hatua ndefu, mikono ikifanya kazi, mpaka pumzi irudi. Kushuka nako usijiachie, kushuka kwa kasi ndiko kunakopiga magoti na miundi kuliko kitu kingine chochote, na nina wasiwasi muundi wako umeanzia hapo. Siku ambayo unataka iwe nyepesi kweli kweli tafuta vipande vilivyotulia upande wa Ujiji, nenda rudi hapo hapo hata kama inachosha macho.

Aibu nimeiweka huku kwasababu naona ndio kubwa kuliko zote, fiziolojia utaielewa leo lakini kesho saa kumi na mbili asubuhi kijiwe kitakuwepo pale pale. Mwalimu, huyo mama wa migebuka hakukupita kwasababu wewe mzembe. Anaujua mwendo anaoweza kuurudia kesho na keshokutwa akiwa na mzigo kichwani, miaka nenda rudi, na hajawahi kuubadilisha kwasababu ya mtu anaemtazama. Mimi nilianza kukimbia vizuri siku nilipoelewa mwendo wa watu kama yule. Kwa vitendo fanya hivi, acha kuhesabu kilometa siku nyepesi, hesabu dakika. Ukijiambia kilometa 10 kichwa kinataka zimalizike upesi, unaongeza bila kujijua. Ukijiambia dakika 50, ukimbie kasi au polepole dakika ni zile zile 50, hamna cha kuwahi. Saa igeuze uso ndani ya mkono au iache nyumbani kabisa wiki mbili za mwanzo. Pia toka mapema kijiwe hakijajaa, au mchukue mtu muongee njia nzima, hata shemeji kama anapenda, maana maongezi yanakuzuia kuliko nia. Na hao vijana wa boda waambie ukweli, leo ni siku ya polepole nitakimbia haraka Jumatano, wataanza kukuuliza wenyewe mwalimu leo ni ipi.

Kwa wiki zako mimi ningepanga Jumatatu upumzike kabisa, Jumanne dakika 50 za kuimba, Jumatano ndio siku ya kazi, dakika 15 za kupasha mwili alafu kilometa moja moja mara tano kwa 5:00 mpaka 5:05 na katikati ya kila moja dakika mbili za kujikokota, umalizie na dakika 10 taratibu. Alhamisi dakika 40 za kuimba, Ijumaa pumzika, Jumamosi dakika 30 za kuimba. Jumapili mbio ndefu, anza na kilometa 16 uongeze mbili mbili, kila wiki ya nne upunguze, mpaka ufike 30 au 32 wiki tatu kabla ya Moshi, na zote hizo ndefu kwa 6:30 mpaka 6:50. Utaona siku ya kukimbia haraka ni moja tu. Lakini hiyo moja utaikimbia kwa miguu mipya, na utashangaa 5:00 ambayo sasa hivi huioni utakavyoikuta ipo tu.

Wiki tatu nne za mwanzo zitakuumiza roho, nakwambia kabisa. Utaona umerudi nyuma, miguu itakuwa inataka kuondoka na wewe unaizuia. Kila baada ya wiki tatu chagua kipande kimoja tambarare, kile kile, saa ile ile ya asubuhi, kimbia dakika 30 kwa pumzi ya kuongoza wimbo alafu angalia umefika wapi. Weka alama kwenye mti au nguzo. Alama ikianza kusogea mbele na pumzi ni ile ile, hapo ujue ndani kuna kitu kimejengeka.

Ila hayo yote yanaanza baada ya muundi. Bonyeza kwa kidole kando ya mfupa. Kama maumivu yametawanyika eneo refu na yanapungua ukishapasha mwili, pumzika siku tano sita, alafu urudi kwa hizo dakika za kuimba tu bila Jumatano. Kama yapo sehemu moja ndogo unayoweza kuifunika kwa kidole kimoja, yanazidi ukikimbia au yanauma hata umekaa, acha kukimbia leo hii na uende hospitali ukapimwe, inaweza kuwa mfupa umeanza kupata ufa, na ufa wa hivo ukiukimbilia unakuwa mvunjiko. Moshi ipo kila mwaka tangu 2003, mwalimu, haikimbii.

SWALI: Kocha habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nipo Ipuli, Tabora. Nimeanza mwezi uliopita. Nikikimbia hata niende polepole vipi, dakika tatu tu siwezi hata kuongea, hiyo polepole yenu mimi sina. Na jua la huku unalijua. Rafiki yangu anasema ukitembea umeshashindwa, ni bora usitoke kabisa.

JIBU: Salama dada yangu, na hongera kwa kutoka, maana mwezi wa kwanza ndio mgumu kuliko yote utakayokutana nayo. Rafiki yako hana nia mbaya ila hapo amekosea. Kwa mwili wako wa sasa polepole yako ni kuchanganya. Kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara kumi, hiyo ni nusu saa nzuri sana na inajenga vitu vile vile nilivyomueleza mwalimu hapo juu. Baada ya wiki mbili kimbia dakika moja utembee moja, alafu baadae kimbia mbili utembee moja. Usiwe na haraka ya kuiondoa kutembea, kuna watu wanamaliza marathoni kamili wakiwa wanatembea dakika moja moja njia nzima.

Na wewe upo Unyamwezini. Karne ya 19 wapagazi wa huko walikuwa wanabeba pembe za ndovu mabegani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mitatu hivi, mzigo wa kama kilo 30, kwa miguu, na walikuwa wanasifika pwani yote kwa ustahimilivu. Walikuwa wanatembea. Mtu asikwambie kutembea ni kushindwa ukiwa kwenye ardhi ile.

Jua ni kweli, hasa Septemba na Oktoba kabla mvua hazijaanza. Kwenye joto moyo unapiga haraka zaidi kwa spidi ile ile kwasababu damu inagawanywa, nyingine inapelekwa kwenye ngozi kupooza mwili. Kwahiyo usilinganishe jioni ya Oktoba na asubuhi ya Juni, ni mbio mbili tofauti. Toka alfajiri kama watoto wana mtu wa kubaki nao, pita zile njia zenye miembe upate kivuli, na penye mchanga mzito tembea tu, mchanga unakula pumzi kama mlima.

SWALI: Shikamoo kocha, sisi ni kikundi cha jogging hapa Ujiji, tupo 14, wanawake kwa wanaume, tunakimbia Jumamosi asubuhi. Tunaanza vizuri tukifika dakika ya kumi vijana wawili wanaongeza, wengine wanafuata, mwisho tunarudi vipande vipande na wale wa nyuma wameanza kuacha kuja. Tufanyeje bila kugombana?

JIBU: Marahaba jamani. Hao vijana msiwafukuze na msiwaseme mbele za watu, wana nguvu na hawana pa kuipeleka. Wapeni siku yao, Jumanne au Jumatano, wakapande milima kweli kweli wakimbizane watakavyo. Jumamosi iwe na sheria moja, mbele anakaa yule wa polepole kuliko wote, na hakuna kumpita. Yeye ndie anaeongoza wimbo. Wengine mkiitikia na sauti ikasikika nzima mpo sawa, sauti ya kuitikia ikianza kupungua anapunguza mwendo, ikizima kabisa mnatembea mpaka irudi. Hao vijana wawili wakae mwisho kabisa, kazi yao kuhakikisha hakuna anaeachwa, na waulizeni baada ya mwezi mmoja milima yao ya Jumatano inaendaje. Na yule dada au kaka aliyeacha kuja mfuateni nyumbani mumwambie Jumamosi hii anakaa mbele yeye.